Pointi Zimepotelea Wapi? Kuipima Timu ya Roboti Baada ya Mashindano

Walimu na makocha, timu ikirudi kutoka FIRST LEGO League, mashindano ya watoto ya roboti za LEGO, kila mtu huuliza: mmepata ngapi? Swali hilo halitufikishi mbali. Roboti hucheza raundi tatu rasmi, na inayohesabiwa ni iliyo bora. Tuseme watoto wamepata 155, 240 na 170. Ubaoni inapanda 240, makofi yanapigwa. Mimi ningekaa na ile 155 na 170, maana hiyo ndiyo roboti yenu ya siku zote.

Basi kabla hamjagusa hata tofali moja, chukueni daftari. Kila misheni, yaani kila kazi ambayo roboti hupewa mezani, ichezwe mara 10, na mtoto mmoja kazi yake iwe kuandika tu. Asiandike "imeshindwa". Aandike "imepita kushoto, sentimita 2". Ikiwa mara zote inapita kushoto kwa kiasi kilekile, shukuruni, hiyo ni namba ya kurekebisha kwenye programu. Ikiwa mara kushoto, mara kulia, programu msiiguse. Kuna kitu kinacheza: ekseli imelegea, tairi lina vumbi na linateleza, au mkono wa mtoto unaiweka roboti imepinda. Digrii 1 ya kupinda mwanzoni, baada ya mita moja ni kosa la karibu sentimita 1.7. Macho hayaioni digrii 1. Jengeni fremu ya matofali ya kuegemeza roboti kabla ya kuondoka, na njiani irudi nyuma ipige ukuta, isukume kwa nusu sekunde, ndipo jairo, kihisi kinachopima roboti imegeuka digrii ngapi, iwekwe sifuri upya. Tairi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kila raundi.

Sasa saa. Mchezo ni sekunde 150. Mkibadilisha vifaa vya mbele mara 4, kila mara sekunde 15, roboti imelala nyumbani, eneo lake la kuanzia, dakika nzima! Mara nyingi chanzo ni pini mbili za kubana kwa kidole gumba, na vidole vinatetemeka mbele ya mwamuzi. Kifaa kikae kwa kushushwa kutoka juu, giya zikutane zenyewe, uzito wake ukishikilie. Sekunde 5 zinatosha.

Tokeni za usahihi zipo 6; mkiishika roboti ikiwa nje ya nyumbani, mwamuzi huchukua moja. Ya kwanza kupotea haiwagharimu kitu, tano bado ni pointi 50. Ikiondoka ya pili mnabaki na 35. Kwa hiyo roboti iliyokwama mbali msiikimbilie kabla ya kupiga hesabu.

Misheni mpya? Hapana, mpaka ya zamani ifaulu mara 9 kati ya 10. Najua watoto watanuna.

Na lile daftari msilinakili upya liwe safi. Mchezo wa mezani ni robo tu ya tathmini ya timu, na majaji wa usanifu watauliza kwa nini mkono wa roboti ulibadilishwa. Mtoto afungue ukurasa wenyewe, na mikwaruzo yake, aoneshe 4 kati ya 10 ilivyokuwa 9.