Kabla Hujaongeza Voltiji

Asalaam aleikum, hamjambo. Wengine wenu nshawaona hapa mara ya tatu na ntasema lile lile, kwa sababu bado mwailazimisha prosesa iende kasi kuliko ya kiwandani, mwaniletea mashini haziwaki, na swali ni moja tu, "niongeze voltiji ngapi?" Usiongeze kitu. Jua kwanza kinachoanguka ni nini.

Sikizeni. Kijana wa Kisauni alinijia na kompyuta ameifunga kwenye leso ya mamake. Fundi kamwambia bodi imeungua, anunue nyingine. Feni zazunguka, skrini nyeusi. Nikamuuliza, mwanangu, uligusa nini kwenye bayosi, pale kwenye mipangilio ya bodi? Akasema nilipandisha kizidisho cha kasi ya prosesa toka 42 hadi 48, nikaongeza voltiji, nikawasha na XMP, ile mipangilio ya kuikimbiza rami, usiku mmoja. Sasa hapo utamshika nani? Nikachomoa waya wa stima, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikatoa kile kibetri cha CR2032 kinachoshikilia mipangilio ya bayosi, irudi ya kiwandani. Kukipima, volti 2.4, na chatakiwa kiwe 3. Tukanywa kahawa dakika kumi, nikatia kipya, nikaacha kijiti kimoja cha rami kwenye nafasi ya pili kutoka kwa prosesa, tukawasha. Giza. Dakika nzima giza, kijana ashapeleka mkono azime, nikamzuia, ngoja baba, bodi yajifunza rami upya, hiyo ni rami ya aina ya DDR5, yaweza kukaa dakika kadhaa. Picha ikaja. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu.

Tukarudisha kimoja kimoja. Kizidisho 48, yaani megahezi 4800 kwa sababu kasi ya msingi ni 100, ikasimama bila taabu. Kuwasha XMP tu, giza tena. Rami! Na mtoto wa watu alikuwa ashaanza kukopa pesa za bodi.

Najua mtaniambia kimoja kimoja chachosha. Chachosha, ndiyo, lakini ukibadilisha vitatu kwa mpigo hata ikiwaka hujui ni kipi kilichokuponya, na kesho ikianguka waanza upya.

Na hiyo voltiji mnayoimwaga kama maji, joto lake hupanda kwa mraba. Toka 1.20 hadi 1.35 waona ni kitu kidogo, na kasi hujaigusa, lakini joto lazidi kwa kama asilimia 27. Haya, sasa leta hilo joto kwetu hapa Mombasa Februari, saa nane mchana, chumba kina digrii 32. Feni haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta! Mtu atest na Prime95, ile programu ya kuitesa prosesa, saa sita usiku eisi imewaka, afurahi imepita, mchana izime aseme prosesa mbovu. Test mchana, madirisha kama yalivyo, saa nzima, si dakika mbili. Prosesa ikigonga digrii 100, Intel nyingi zajipunguza kasi zenyewe, nawe wadhani umepata spidi kumbe umeipoteza.

Muda umekwisha, haraka haraka. Skrini ya bluu haijaja haimaanishi uko salama, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA, ripoti za makosa ya vifaa, mara nyingi hayo ni makosa yaliyorekebishwa kimya kimya. Rami ipimeni na programu ya MemTest86 kabla hamjagusa prosesa. Mambo ya pesti ya kupozea prosesa na kutu ya hewa ya bahari, siku nyengine inshallah.

Yule wa Likoni aliyekuja na yake, ilete hapa mezani. Usiwashe. Nambie kwanza uligusa nini.