Taa Inawaka, Mtoto Bado wa Manjano: mhadhara kuhusu kazi ya kubuni vifaa tiba

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka darasani moja kwa moja bila chakula cha mchana.

Juu ya meza hii kuna taa mbili za buluu, na zote nimeziwasha. Mlio nyuma, simameni mwone vizuri. Moja ni mpya, nyingine imetumika wodini hadi imechoka. Wangapi wanasema iliyochoka ni hii ya kushoto? Na ya kulia? Mmegawanyika karibu nusu kwa nusu. Basi ziacheni ziwake, tutazirudia.

Taa hizi hutibu watoto wachanga wenye manjano. Siku za kwanza mwili wa mtoto huvunja chembe nyingi za damu nyekundu, na ini lake bado changa kuiondoa bilirubini, ile rangi inayobaki. Ikizidi sana hupenya mpaka kwenye ubongo, na mtoto akinusurika huenda akabaki na ulemavu wa viungo au uziwi. Mwanga wa buluu, wa nanomita 460 hadi 490 hivi, huigeuza umbo bilirubini hiyo ili mwili uweze kuitoa.

Jambo hili lilianza kwa jicho la muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalikuwa yamefifia, isipokuwa sehemu moja ya ngozi yenye umbo la pembetatu. Ndipo ilipokuwa imelala kona ya shuka. Baadaye chupa ya damu iliyoachwa dirishani penye jua ikapimwa, bilirubini ikakutwa imeshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaunda taa, wakachapisha matokeo yao mwaka 1958.

Kila mara vijana huniuliza, "Injinia, ili nifanye utafiti wa vifaa tiba nianze na shahada gani?" Mimi huwarudisha kwenye ile kona ya shuka.

Nikiwa fundi mwanafunzi katika hospitali moja hapa Kenya, sista wa zamu ya usiku aliniita. "Fundi, taa inawaka lakini watoto wangu hawapoi." Nilikagua fyuzi, waya, swichi. Sikuona hitilafu, nikaandika kwenye daftari: *inafanya kazi*. Sista akasoma, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umeandika kuhusu taa. Mimi nimekuuliza kuhusu mtoto." Kesho yake tuliazima kipima mwanga. Tiba kali inataka angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita mraba kwa kila nanomita. Yetu ilitoa 7. Mirija ilikuwa imezeeka, na mingine ilikuwa imebadilishwa kwa taa nyeupe za kawaida za dukani, kwa sababu zilitoshea. Neno lile la daftarini linaniuma hadi leo, na ndilo lililonitoa kwenye ukarabati likaniingiza kwenye ubunifu. Nilitaka taa inayomwambia muuguzi yenyewe kwamba imechoka.

Nikagundua kuwa kuchora sakiti ni kipande kidogo cha kazi. Kuna anayekaa wodini wiki nzima akitazama mikono ya wauguzi: wanashika nini, wanafunika nini kwa plasta, kengele gani wameizima kwa sababu inapiga kelele bure. Kuna anayeandika programu. Kuna anayeunda kasha lisiloingiza dawa ya kusafishia. Kuna mwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, ya kuorodhesha hatari kwa kufuata ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa tiba: stima ikikatika na kurudi kwa kishindo itakuwaje? Mama akivuta waya? Kitambaa cha macho kikiteleza? Kila swali hupewa jibu, na kila jibu hupimwa. Mkiwa watu wa kuuliza "na ikiwa?" mpaka nyumbani wanawachoka, kuna kiti chenu hapa. Halafu kuna wanaosimamia majaribio kwa wagonjwa, kuanzia kamati ya maadili hadi kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na wanaoandaa faili la Bodi ya Famasia na Sumu, inayoidhinisha vifaa tiba. Msiwadharau hawa. Bila faili hilo kifaa kinabaki kabatini.

Kwa nini kazi hii ifanyike hapa Nairobi? Chukueni kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi zetu zina melanini nyingi, ile rangi nyeusi ya ngozi inayofyonza mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba kifaa kiliposoma kati ya asilimia 92 na 96, wagonjwa Weusi karibu 12 kwa kila 100 walikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe walikuwa karibu 4. Kifaa kilikuwa kimetumika miongo mingi. Kingejaribiwa mapema kwenye vidole kama vya walio ukumbini humu, pengo hilo lingeonekana mapema.

Kuhusu njia ya kuingia: diploma ya uhandisi wa tiba pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inatosha kuanzia, na shahada ya uhandisi au uuguzi pia. Mimi nikiajiri husoma kwanza daftari la mtu. Ombeni ruhusa mkae na fundi wa hospitali kwa mwezi mmoja, mwandike kila kilichoharibika na nani alikuwa akikitumia.

Sasa turudi mezani. Dada uliye karibu na dirisha, ulisema ya kushoto. Njoo ushike kipimo hiki, kiweke sentimita 30 chini ya taa, utusomee namba zote mbili kwa sauti.