"Mwambie Mama Hayupo"

MAMA NEEMA: Bwana Yesu asifiwe, wasikilizaji wetu!

BABA ELIA: Amina! Mama Neema, umechoka leo, au ni macho yangu?

MAMA NEEMA: Nimechoka, baba. Jana tulikuwa na kikao cha sherehe ya kipaimara cha Neema wangu. Masaa matatu: turubai, ndafu, keki, mpiga picha, emsii. Natoka pale najiuliza, mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto mwenyewe anajua nini?

BABA ELIA: Si amesoma miaka miwili? Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo... wanakariri mpaka ndotoni.

MAMA NEEMA: Ndipo hapo sasa. Hayo wanayokariri yametoka Katekisimo Ndogo, na Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, aliitoa mwaka 1529. Mwaka uliotangulia alikuwa katika ukaguzi wa makanisa huko Saxony, Ujerumani, akakuta watu hawajui chochote, na wachungaji wengine hawawezi kufundisha. Akaandika kijitabu cha maswali, na juu yake akaeleza kwamba haya ndiyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Nyumbani, Baba Elia! Sisi Walutheri tumekikabidhi kwa mwinjilisti, tukaenda zetu kutafuta turubai.

BABA ELIA: Na sisi Waanglikana msituache, tuko nanyi kwenye hilo turubai. Ila hata Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inasema "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani." Darasa halijatajwa.

MAMA NEEMA: Sasa ngoja nijianike. Mwezi uliopita mama mmoja wa kikoba alikuja kudai rejesho. Niko jikoni nachambua mchicha. Nikamwambia Neema, nenda kamwambie mama hayupo, ameenda Himo. Kaenda, karudi: "Mama, anasema anaziona kandambili zako mlangoni."

BABA ELIA: (Anacheka) Uwiii!

MAMA NEEMA: Usiku namsikia anakariri amri ya nane. "Usimshuhudie jirani yako uongo. Maana yake nini?" Kafika hapo kwenye "maana yake nini," kanyamaza, kaniangalia.

BABA ELIA: Kwetu Waanglikana amri hiyo tunaihesabu ya tisa.

MAMA NEEMA: Ya nane, ya tisa, kandambili ni zilezile! Sikulala. Asubuhi nikamwita, nikamwambia, mwanangu nimekukosea, nilikutuma useme uongo. Ulimi ulikuwa mzito jamani, kama nina ugali mdomoni. Kisha tukaongozana mpaka kwa yule mama. Nilikuwa na elfu ishirini kati ya hamsini. Nikampa, nikaomba radhi, Neema amesimama pembeni.

BABA ELIA: Unajua, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki kabisa, lakini neno "samahani" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nimelijulia ndani ya ndoa, tena kwa shida. Ningependa Elia alijue kabla hajafika kwa mke wa mtu... namaanisha, kabla hajaoa!

MAMA NEEMA: (Anacheka) Hiyo tusiikate, ibaki.

BABA ELIA: Na kitu kingine, awe anaweza kuniuliza. Siku moja alipeleka yai la kuku wake kama sadaka, likaingia mnadani baada ya ibada. Mzee mmoja kalinunua elfu tano, akalirudisha. Likauzwa tena, likarudishwa tena, likauzwa mara ya tatu. Elia kanivuta shati: "Baba, yai moja limeuzwa mara tatu, yule wa kwanza si ameibiwa?"

MAMA NEEMA: Ukamjibu nini?

BABA ELIA: Kwanza nilitaka kumwambia nyamaza, tuko kanisani. Nikajizuia. Nikamwambia kamuulize mzee mwenyewe. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi sikuja kununua yai." Mtoto akatafakari njia nzima, hadi nyumbani. Kesho kutwa huyu atakuwa chuo, Dodoma au Dar, atakutana na maswali mazito kuliko ya yai. Kama nyumbani alizoea kufungwa mdomo, atayapeleka kwa nani?

MAMA NEEMA: Kwa simu yake.

BABA ELIA: Ehe. Na lile deni la kikoba?

MAMA NEEMA: Imebaki elfu thelathini. Neema ananikumbusha kila Jumamosi akitoka kipaimara, hata viatu hajavua.