Tazameni Nyuma ya Babu

(Mhadhara uliotolewa Tabora mjini, mbele ya wazee na vijana waliokuja na picha za familia zao)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Na kwa wale wasioridhika mpaka wasikie cha nyumbani: mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie picha za zamani za kijijini. Nitaanza na mahali pa kutazama, maana mtu akishika picha ya familia macho yake hukimbilia sura. Huyu nani? Baba mdogo. Na huyu? Shangazi, tazama alivyokuwa mwembamba! Watu wanacheka, picha inarudi kabatini. Leo nawaomba sura mziache kidogo. Tazameni kilicho nyuma ya babu.

Nina sababu. Miaka ya 1950 na 1960, mkanda wa kamera zile za picha za mraba ulitoa picha 12, basi. Kumi na mbili kwa ubatizo, kwa harusi, kwa mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Kamera yenyewe ilikuwa ya mwalimu, ya padri, ya karani wa reli, au ya mpiga picha aliyekuja msimu wa kuuza tumbaku, akijua fika kwamba watu wana pesa mfukoni. Nani angetoa picha moja kati ya hizo akapige kihenge? Nani angelipia jiko la bibi? Kwa hiyo nyumba tulizozaliwa hazikupigwa picha. Zilijipenyeza tu, kwa kuwa babu alitaka kupigwa na ilimbidi asimame mahali.

Na nyumba hizo hazipo tena. Wapo vijana hapa wanaoamini kwamba kijiji chao kimekaa palepale tangu enzi za Mtemi Mirambo, karne ya kumi na tisa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Wenzetu wa Kigoma walikuwa wameshaanza kuhamishwa 1972. Watu waliokuwa wametawanyika, kila ukoo na miembe yake, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Wapo waliohama kwa hiari, na wapo waliopakiwa kwenye malori pamoja na kuku wao. Sitaki mkutano huu ugeuke mjadala wa ujamaa. Shule na zahanati tulizikuta huko, na machungu mengine tulikwenda nayo. Ninachotaka mkishike ni kwamba ile nyumba iliyo nyuma ya babu kwenye picha ya 1965, mara nyingi, leo ni hame, mahali palipohamwa na kuachwa.

Niwaonyeshe moja ya kwetu, upande wa Sikonge. Huyo aliyeketi ni bibi mzaa baba, amempakata mtoto. Aliyesimama ni baba yangu mkubwa, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli. Hakuna anayecheka, enzi hizo kucheka mbele ya kamera kulionekana utovu wa adabu. Nyumbani tumeiita "picha ya baiskeli" tangu nikiwa mdogo, na sote tulijivunia kwamba ukoo wetu ulikuwa na baiskeli wakati majirani wanatembea kwa miguu.

Shangazi yangu mmoja amevuka miaka themanini. Nilimpelekea picha hiyo, na sikumuuliza habari za watu. Nilimuuliza: shangazi, hiki kinachoonekana juu ya bega la bibi ni nini? Akaisogeza karibu na dirisha. Akasema ni ukingo wa paa. Ilikuwa tembe, paa tambarare la miti na udongo. (Waliofika kwenye jumba la kumbukumbu la Livingstone pale Kwihara wamekwisha kuona paa la namna hiyo, ingawa la kwetu halikuwa kubwa kiasi hicho.) Na juu ya paa, akasema, vile vipande vyeupe ni matobolwa yameanikwa. Kumbe picha ilipigwa kiangazi, viazi vimeshachimbwa na kuchemshwa. Kushoto ni kihenge cha bibi. Cha mke mdogo kilikuwa upande wa pili, hakikuingia. Mstari ule wa giza ni ua wa minyaa. Na kile kitu cha mviringo chini ya ukingo wa paa, ambacho mimi siku zote nilidhani ni gogo, ni mzinga wa nyuki, wa gome.

Hapo shangazi akanyamaza, kisha akaniuliza: unajua kwa nini mzinga uko nyumbani wakati wenzake wako porini? Babu yako alikuwa mgonjwa mwaka ule. Hakwenda kutundika. Na kutokana na mzinga ule tukapata habari za ugonjwa wenyewe, za mganga aliyeitwa kutoka mbali, za ng'ombe waliouzwa kumlipa, na za baba yangu kuacha shule kwa mwaka mzima, jambo ambalo marehemu hakuwahi kutuambia hata mara moja. Yote kwa sababu ya kitu kilichokaa chini ya paa.

Nikamuuliza na baiskeli. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Baiskeli ya nani? Ile ilikuwa ya mpiga picha! Alimwazima kila mtu aliyetaka kupigwa nayo."

Sasa mjue kwamba redio, saa na makoti mnayoyaona kwenye picha zenu huenda yana historia ya namna hiyo. Sisemi wazee walidanganya. Walichagua walivyotaka kuonekana, na hilo nalo ni habari.

Nyuma ya watu ndiko pia mwaka wa picha unakojificha. Kuza picha kwenye simu. Kama kuna kalenda ukutani, umemaliza kazi. Kama bibi amevaa kanga, jaribu kusoma maandishi yake, kisha mwulize mwenye kabati la kanga jina lile lilitoka lini. Akina mama wa rika hilo hawasahau. Suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vinakupeleka miaka ya 1970. Kingo za picha zilizokatwa menomeno mara nyingi ni za zamani kidogo kuliko hapo. Geuza nyuma, utafute muhuri wa studio. Halafu wewe mwenyewe andika huko nyuma majina, mahali na mwaka, kwa penseli laini na bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya na kutokea usoni.

Msidhani majina ni jambo dogo. Wamisionari wa Moravian walianza kazi Urambo mwaka 1898, na kumbukumbu zao, picha za Unyamwezi zikiwemo, zimetunzwa Herrnhut huko Ujerumani. Ni hazina, sibishi. Lakini maelezo ya picha za enzi ile mara nyingi humtaja Mzungu kwa jina lake, na wengine wote ni "wanawake wakitwanga". Wale walikuwa bibi za watu waliomo humu ukumbini. Mgeni hakuwajua majina, tumwelewe. Sisi tunaowajua tukiacha picha bila jina, wajukuu watatuelewaje?

Kuhusu kuzitunza nitapita haraka. Watu wengi huanza na picha ya zamani kuliko zote, ile ya nyeusi na nyeupe. Mimi ningeanza na za rangi, za miaka ya 1970 na 1980. Picha ya nyeusi na nyeupe imeshikwa na chembe za madini ya fedha, na kama ilisafishwa vizuri studio itakuzika. Ya rangi imeshikwa na rangi tu, nazo hazifi kwa pamoja; ndiyo maana mnaona harusi nzima imegeuka nyekundu. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu msiibandue, ipigeni ikiwa humo humo. Tumieni simu, kivulini au karibu na dirisha, bila taa ya simu, picha ikiwa imelala sawasawa. Na mkiituma WhatsApp itumeni kama dokumenti, la sivyo inabanwa, na ule mzinga wa babu unakuwa doa.

Nimetaja WhatsApp, basi niseme la moyoni kuhusu makundi ya familia. Mtu anarusha picha arobaini usiku mmoja. Asubuhi anakuta "Mungu awarehemu wazee wetu" na viganja vya kuomba ishirini, kisha habari za mchango wa harusi zinaifunika kazi yote. Kushirikishana huko kunatia huruma. Rusha moja kwa wiki, na swali moja: mti huu ni upi? Mlango huu ulikuwa wa nani? Wazee wasiopenda kuandika watajibu kwa sauti. Sauti hizo zihifadhiwe mahali pengine, maana simu ya mzee ikiibiwa zinakwenda nayo. Na binamu aliye Mpanda anaweza kuwa na picha ya upande wa pili wa ua ule ule, ambako mke mdogo aliweka kihenge chake. Kwetu, vipande kutoka nyumba tatu vimetuwezesha kuchora ramani ya mji mzima wa babu, kuanzia zizi mpaka njia ya kisimani.

Ziko picha ambazo hazifai kurushwa kwenye kundi: maiti, mtoto asiye na nguo ambaye leo ni mtu mzima na heshima zake, na zile zilizokatwa kwa mkasi. Hizi za mkasi msimwulize mzee mbele za watu. Mwendee nyumbani, peke yako, na sukari kilo moja.

Kuna kijana ameniuliza pale mlangoni: je, sisi ambao hatuna hata picha moja? Picha zetu zililiwa na mchwa. Kijana wangu, nenda kwenye hame lenyewe pamoja na mzee mmoja anayeweza kutembea. Nenda Agosti au Septemba, nyasi zikishaungua, wakati misingi, mawe ya kusagia na mistari ya minyaa inaonekana hata kwa mbali. Mwache mzee atangulie, usimwongoze. Akisimama, mwulize hapa palikuwa na nini, upige picha yake akiwa amesimama papo hapo, uandike alichosema. Msichelewe mpaka Novemba. Mvua ikianza mzee atakuwa shambani, na nyasi zikishapanda hutaona hata jiwe.