Muulize Jina Lake

Walionisikia siku nyingine wanajua ninakoelekea, na leo nakwenda kulekule: Nipomo, California, Machi 1936. Picha mnaijua, ile iitwayo "Migrant Mother", yaani mama mhamaji. Mama ameshika shavu, watoto wawili wameipa kamera kisogo, kitoto kichanga kimelala mapajani.

Dorothea Lange, mpiga picha wa serikali, alikuwa ameshaipita kambi ile ya wavunaji wa njegere. Mvua inanyesha, kachoka, yuko njiani kurudi kwake. Akaendesha maili kama 20, moyo ukakataa kutulia, akageuza gari. Pale alipogeuza gari ndipo ninapompendea. Lakini alipofika alikaa dakika chache tu. Umri aliuliza, akaambiwa miaka 32. Jina hakuuliza. Mwenyewe aliliandika hilo mwaka 1960.

Sasa tazameni kilichofuata. Maelezo ya picha yakadai familia imeuza matairi ya gari ili ipate kula. Wanawe walikana baadaye: matairi waliyokuwa nayo ni yaleyale waliyoondokea! Gari liliwaharibikia tu, wakasimama kulitengeneza. Ukimsikiliza mtu, uongo kama huo unaingilia wapi?

Jina lilijulikana 1978, miaka 42 baadaye: Florence Owens Thompson, Mcherokee, mzaliwa wa Oklahoma. Miaka yote hiyo yupo, anafanya kazi, analea, uso wake umezagaa magazetini na vitabuni, na hajapata hata senti.

Mtaniambia chakula kilipelekwa. Kweli, ratili 20,000 zilifika kambini baada ya picha kutoka gazetini. Yeye na wanawe walikuwa wameshaondoka. Wala msiseme Lange alitajirika. Picha ilikuwa mali ya serikali, mrabaha hakupata. Namheshimu mno, ndiyo maana sichoki kumrudia. Mtu mwenye moyo ule, jina likampita!

Naambiwa muda unakwisha, na Minamata sijaigusa. Kwa haraka basi. Mpiga picha Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia mji huo wa Japani mwaka 1971, wakaishi miaka mitatu na watu waliodhuriwa na zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini. Walijuana kwa majina, wakala pamoja. Ile picha ya mama anayemwogesha bintiye ilitoka humo. Binti alifariki 1977. Wazazi walipoomba mtoto wao aachwe apumzike, Aileen, mwaka 1998, aliwakabidhi uamuzi juu ya picha ile.

Kesho mnakwenda sokoni na kamera. Kila mmoja abebe daftari. Picha isiyo na jina la mtu kwenye daftari sitaikagua.