Laxton: kijiji ambacho ukila mpaka unaitwa barazani

Ndugu zangu, hili nimelisema kila nilipopewa nafasi na leo nalirudia, historia ya Uingereza mkianza na wafalme mmeshapotea, anzeni na shamba. Na shamba lenyewe, la mfumo wa kale wa mashamba yasiyo na uzio, bado lipo, nendeni Laxton, kijiji kidogo pale Nottinghamshire, udongo wa mfinyanzi, mzito.

Kuna mashamba makubwa matatu hayana uzio, South Field, Mill Field na West Field, kila mkulima ana vipande virefu vyembamba humo, kimoja huku kingine kule, vimechanganyikana na vya wenzake. Shamba moja zima ni ngano, la pili mazao yanayopandwa baridi ikiisha, la tatu linapumzika au linaoteshwa malisho, mwakani wanazungusha.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penyewe. Kila mwisho wa Novemba jopo la wakulima 12 na kiongozi wao wanaingia kwenye shamba lenye ngano kukagua, kipande kwa kipande, wanatafuta alama za mpaka, kigingi kimepotea wanapigilia kingine, wanaangalia nani trekta lake limelima mpaka likala njia au nyasi za kijiji. Aliyezidisha anaandikwa. Wiki inayofuata baraza, yaani mahakama ya jadi ya kijiji, linakaa baa ya kijiji, Dovecote Inn, na faini zinatajwa pale pale. Pauni chache tu, lakini we fikiria kutajwa mbele ya majirani ambao kesho mnakutana tena shambani! Na msiseme ni maigizo ya watalii, mwaka 1977 Bunge lilipofuta mamlaka ya mabaraza ya aina hii, la Laxton liliachwa na nguvu zake.

Najua kuna mtu anawaza, cha wote hakina mwenyewe, lazima kiharibike. Hapana bwana! Kipande kina mtu wake, cha pamoja ni ratiba na ukaguzi, na ramani ya Mark Pierce ya 1635 inaonesha vipande vya namna hiyo hiyo vikilimwa, wakati ule vilikuwa vingi kuliko vya leo. Kilichochangia sana kuua mfumo huu kwingine ni sheria, Bunge lilipitisha zaidi ya 5,000 kati ya 1604 na 1914 za kugawa na kuzungushia ardhi uzio, wadogo wakabaki bila malisho. Laxton ilipona kwa vile wenye ardhi wawili wakubwa, Manvers na Scarbrough, hawakuelewana namna ya kugawana.

Muda unaniishia, ngome ya Wanormani, wale wavamizi wa kale kutoka Ufaransa, juu ya kilima mtaiona wenyewe. Ila mkifika angalieni nyumba za wakulima, zimepangana barabarani kijijini badala ya kila mtu kukaa shambani kwake, kwa sababu ukiwa na vipande pande zote utajenga kwenye kipi? Serikali ilinunua ardhi ile 1952, mwaka 2020 ikaenda kwa Thoresby Estate, milki kubwa ya ardhi ya jirani, na baraza linaendelea kukaa.