Nyuzilandi, kusini ya mbali kabisa (mhadhara nilioutoa Mbeya, umeandikwa kama nilivyoongea)

Wazee wangu shikamooni. Mliotoka Tukuyu mugonile, wa Iringa na Njombe kamwene, vijana wa chuo mambo zenu. Asanteni kwa kuja, maana hii baridi ya Juni ya hapa Mbeya kila mtu anajua jioni kama hii unatamani ubaki ndani na jiko la mkaa. Sasa huko ninakowapeleka leo Juni nako ni baridi, wale wenzetu wapo upande huuhuu wa dunia, chini ya ikweta, ila sisi tupo kwenye nyuzi kama 9 tu kusini na wao mji wa Christchurch upo nyuzi 43, kwahiyo baridi yao inashusha theluji kabisa milimani.

Nimeombwa niongelee safari yangu ya Nyuzilandi na nimekubali kwa furaha sana, kwa sababu kati ya nchi zote nilizobahatika kufika hii ndo naipenda zaidi. Na sababu yenyewe ni hii: ni nchi ya mbali mno, lakini mtu wa Nyanda za Juu Kusini ukifika pale karibu kila kazi unayoikuta unaijua. Mipaini unaijua. Ng'ombe wa maziwa unawajua, viazi, parachichi, maji moto yanayotoka ardhini, milima ya volkano, yote hayo tunaishi nayo hapa. Ulaya nimefika na sikuwahi kujisikia hivyo hata siku moja.

Njia ni ndefu, sitawadanganya. Unatoka hapa Songwe mpaka Dar, Dar mpaka Doha, halafu Doha mpaka Auckland unakaa hewani kama masaa 16 bila kutua, unalala unaamka unakula unalala tena bado mpo juu ya bahari. Ukitua saa zao zipo mbele ya zetu kwa masaa 9, na wakati wa kiangazi chao yanakuwa 10, kwahiyo ukipiga simu nyumbani asubuhi yako unawakuta watu usiku.

Pale uwanjani kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni ukaguzi wa viatu. Ndio, viatu! Ukiwa umetembelea shamba lazima useme, na buti zako zinaangaliwa mpaka kwenye nyayo, zikiwa na udongo zinasafishwa ndo unapewa. Mbegu, asali, nyama, matunda, vyote unavitaja kwenye fomu. Mimi nilibeba majani ya chai ya Tukuyu kama zawadi, nikayatoa mwenyewe mezani, dada wa watu akaangalia pakiti, akanirudishia akanitakia safari njema. Wenyewe wanaishi kwa kilimo na mifugo, wanajua ugonjwa mmoja tu wa mifugo ukiingia nchi inayumba, kwahiyo hawana mchezo, na mimi nafikiri sisi tunaouza parachichi nje tungelifikiria sana jambo hilo.

Kutoka Auckland tukaenda na basi mpaka Rotorua. Jamani Rotorua inanuka! Harufu ya kiberiti inakupokea kabla hujaona nyumba, moshi unatoka pembeni ya barabara, kwenye bustani, kwenye mitaro, na kuna kijiji kinaitwa Whakarewarewa wenyeji wanapikia kwenye maji yanayochemka yenyewe, wanafunga mahindi kwenye wavu wanayatumbukiza, baada ya muda wanavuta kamba mnakula. Nikawahadithia habari za maji moto yetu ya Songwe na ziwa letu la Ngozi pale juu, wakauliza maswali mengi. Wao umeme wa jotoardhi wanazalisha toka 1958, mtambo wa Wairakei, dunia nzima ulitanguliwa na wa Italia tu kwa mitambo mikubwa ya namna hiyo. Kwahiyo hili jotoardhi la Ngozi tunalolisikia kila siku, wenzetu wamelitumia zaidi ya miaka sitini.

Karibu na hapo kuna msitu wa Kaingaroa, na hapa nawaomba watu wa Mafinga mnisikilize vizuri. Ni mipaini mitupu, unaendesha gari weee mpaka unachoka, ukifumba macho ukavuta ile harufu ya utomvu unaapa upo Sao Hill. Ilipandwa kwa wingi miaka ya 1920 na 1930, na moja ya sababu ni kwamba ardhi ile ya majivu ya volkano iliwashinda wafugaji, ng'ombe na kondoo walikuwa wanakonda mpaka wanakufa huku wamesimama kwenye majani mabichi kabisa, watu hawaelewi kwanini, wengine wakahama. Miaka ya 1930 wataalamu ndo wakagundua udongo umepungukiwa madini ya kobalti, kidogo tu, wakaanza kuyachanganya kwenye mbolea, na maeneo mengi ya namna ile leo ni malisho ya nguvu. Sasa ile mipaini wanaikata ikiwa na miaka 25 mpaka 30 hivi, na mingi inapogolewa matawi ya chini ikiwa bado midogo ili ubao utoke hauna vifundo. Sisi mara ngapi tunaona miti ya miaka 10 inapelekwa mashineni kwa sababu ada za shule zimefika? Naelewa shida, nipo nazo, lakini ubao ule nilioushika kule ulikuwa msafi mno, hauna fundo hata moja.

Haya, ng'ombe. Huko ndo moyo wangu uliko.

Nililala kwenye shamba moja la Waikato kwa mama mmoja mfugaji. Saa kumi alfajiri kaniamsha, kanipa gambuti, tukatoka nje ukungu umetanda kama wa Isongole. Ng'ombe wao hawalali bandani, wapo nje mwaka mzima wanakula majani na klova, wanahamishwa kutoka kipande hiki kwenda kile kwa uzio wa waya wa umeme, waya mmoja tu mwembamba na mnyama anauheshimu. Shamba la wastani kule lina ng'ombe zaidi ya 400 na watu wa kuwahudumia unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mama akafungua geti akapiga mluzi, wale ng'ombe wakaanza kutembea wenyewe kwa mstari mpaka kwenye mashine, ambayo ni jukwaa kubwa la duara linazunguka polepole, ng'ombe anapanda mwenyewe, anavalishwa vikombe, jukwaa linazunguka kama dakika 10, akifika mwisho ameshakamuliwa anashuka kinyumenyume anaenda zake. Nilisimama pale sisemi kitu, mvuke unatoka migongoni mwa ng'ombe, redio inaimba, maziwa unayaona yanapita kwenye bomba la kioo.

Akaniuliza kwenu mnafugaje. Nikamwambia Rungwe mama ana ng'ombe wawili bandani, anakata mabingobingo anabeba kichwani anawaletea, maziwa yanaenda kwenye kituo cha kukusanyia, na kila ng'ombe ana jina. Akasimamisha kazi kabisa. Akasema bibi yake mzaa baba alianza hivyohivyo, ng'ombe wachache wanaoitwa majina, na wa kwake leo wana namba masikioni. Akataka kujua majina. Nikamtajia Tumaini, Neema, Sikujua, tukaanza kuyatafsiri moja moja mpaka jua likatoka. Maziwa yake anapeleka kwenye ushirika unaitwa Fonterra ulioundwa 2001, wenye mali ni wakulima wenyewe, na sehemu kubwa sana ya maziwa ya nchi ile inauzwa nje, mengi yakiwa ya unga.

Sasa niwaambie nilivyopokelewa na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao babu zao walifika kwa mitumbwi mikubwa miaka ya 1200 na 1300 hivi, wakaja na viazi vitamu kutoka visiwa vya Pasifiki. Uwanja wao wa ukoo unaitwa marae, hauingii tu kama sokoni Mwanjelwa. Mnasubiri getini, mwanamke anawaita kwa sauti ndefu ya kilio cha heshima, na mwanamke wa upande wenu anajibu, mnatembea taratibu mnasimama kidogo kuwakumbuka marehemu wa pande zote mbili. Wazee wao wanahutubia, mzee wenu anajibu, na kila hotuba ikiisha lazima muimbe, sio hiari. Sisi tukaimba wimbo wa shule ya msingi, wote tunaujua, sauti zikapanda vizuri mpaka wale wamama wakaanza kupiga makofi. Halafu ndo salamu yenyewe, pua kwa pua na paji kwa paji, macho mmefumba, mnavuta pumzi moja. Yule mzee aliyenisalimia mkono wake ulikuwa mgumu wa jembe, na hakuwa na haraka kabisa.

Mkiingia ndani mnavua viatu. Ile nyumba ni mwili wa babu yao, mhimili wa juu ni uti wa mgongo na mapau ni mbavu, na mezani hakalii mtu, meza ni ya chakula. Kikaja chakula kilichopikwa shimoni, mawe yamechomwa mpaka yakawa mekundu, nyama na viazi vikawekwa juu, vikafunikwa matambara yenye maji na udongo kwa masaa kadhaa. Viazi vilikuwa na harufu ya moshi. Nilikula sana.

Kisiwa cha kusini unavuka kwa feri kutoka Wellington, masaa matatu na nusu hivi, mandhari yake wee acha tu.

Nikafika Christchurch, na hapa vijana hasa nataka mnisikie. Nipo kituo cha basi, mzee mmoja mzungu ananiuliza natoka wapi, nasema Tanzania, akasema hapohapo, Filbert Bayi! Alikuwepo uwanjani tarehe 2 Februari 1974, michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Akanisimulia kama ilikuwa jana, kijana wetu wa miaka 20 bunduki imelia kaenda mbele moja kwa moja, watu wanasema huyu atachoka, anaacha pengo la mita nyingi, na mwenyeji wao John Walker anamkimbiza mzunguko wa mwisho uwanja mzima umesimama, na Bayi hakukamatika. Dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia! Walker wa pili naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Ile rekodi ya michezo ya Madola ilikaa mpaka 2022.

Yule mzee akanichukua kwa gari lake kunionyesha mahali penyewe. Uwanja haupo, tetemeko la Februari 2011 lililoua watu 185 liliuharibu ukabomolewa, leo kuna mabwawa ya kuogelea na shule. Akatembea kwenye majani akaniambia kona ya mwisho ilikuwa sehemu hii hivi. Tukaongea na habari za 1976, Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilipogoma Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya Nyuzilandi ilienda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Bayi hakukimbia na Walker akachukua dhahabu. Akasema alitukasirikia sana wakati ule. Lakini 1981 makaburu walipokuja kucheza kwao, yeye mwenyewe aliingia barabarani kuandamana, na mechi ya Hamilton ilifutwa baada ya watu kuvunja uzio na kuingia kati ya uwanja. Akasema mgomo wetu ndo ulimfundisha. Nilimshika mkono yule mzee, nikampa ile chai ya Tukuyu yote iliyobaki.

Ukitaka kwenda nenda mwezi wa 2 au wa 3, kiangazi chao kinaisha, barabara ni nzuri na hali ya hewa inakufaa mtu wa huku. Beba sweta hata hivyo. Haya naona mikono imeshakuwa mingi, tuanze na yule mama wa kilemba cha kijani, afu huyu kijana wa chuo aliyetaka kuuliza habari za viza, na wafugaji picha za ile mashine ya kukamulia ninazo kwenye simu, tukimaliza njooni hapa mbele.